Cinna Mshairi na Wenzake: Hotuba Kuhusu Jina, Dola na Umaarufu

Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa niseme juu ya utambulisho, dola na umaarufu katika fasihi. Mada hii humfanya msemaji ajione mkubwa, kwa hiyo nitaanza na mtu mdogo kabisa, ambaye hapati hata kurasa mbili katika mchezo anaofia.

Wengi wenu mmesoma mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Mnakumbuka Brutus, mnakumbuka Antony na ile hotuba yake mbele ya maiti. Mara tu baada ya hotuba ile, umati ukiwa umeshapandwa na mori, anatokea barabarani mtu mmoja anayekwenda zake mazikoni. Wanamzunguka. Unaitwa nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa au hujaoa? Anawajibu yote, tena kwa mzaha kidogo, maana hajatambua kwamba yamemfika. Anasema jina lake ni Cinna. Sasa, katika waliomuua Kaizari alikuwamo mwingine aitwaye Cinna. Wanamkamata. Anapiga kelele: mimi ni Cinna mshairi, mimi siye yule mwingine! Mmoja katika umati anasema basi, araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Wahakiki wetu wana ukali wao, lakini huko bado hatujafika. Mwingine anasema haidhuru, jina lake ni Cinna, ling'oeni jina hilo moyoni mwake kisha mwacheni aende. Wanamrarua.

Tukio lenyewe ni fupi, na wanaoigiza mchezo huu mara nyingine hulikata ili kuokoa muda. Mimi naona ndilo linalostahili kubaki hata yote mengine yakikatwa. Umati unajua fika kwamba huyu siye. Ameshawaambia, nao wamesikia. Wanachokitaka ni jina, na jina limefungamana na mwili wa mtu huyu maskini.

Aliyetuletea tukio hilo katika Kiswahili alikuwa mkuu wa nchi. Tafsiri ya kwanza ya Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hebu fikirini hali ilivyokuwa: rais wa nchi changa, anayeimbwa kila mkutano, katika michezo yote ya Shakespeare anachagua ule wa kiongozi anayependwa na watu mno mpaka rafiki zake wanamchoma visu. Sitaki kumsomea nia. Ila mtu aliyekaa na maneno yale neno kwa neno, akitafuta mizani ya kila mstari, alijua jinsi umati unavyogeuka kati ya hotuba moja na nyingine. Na alijua pia kwamba umati ukishageuka, mshairi ni miongoni mwa wa kwanza kukutwa barabarani.

Kenya iliona kinyume cha kisa hicho, na kinyume hicho kinachekesha na kutisha kwa pamoja. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kigĩkũyũ iitwayo Matigari. Mhusika mkuu anatoka msituni, anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki viko wapi. Watu wakaisoma, wakasomeana, wakaanza kumzungumza Matigari kana kwamba jana alipita kijijini kwao. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia yaliyofuata: taarifa za mtu anayezunguka akihoji mambo ya haki zikafika serikalini, na polisi wakatakiwa wamkamate. Walipogundua kwamba mtuhumiwa anaishi kitabuni tu, wakakamata kitabu. Nakala zikaondolewa madukani mwaka 1987.

Kule Roma ya Shakespeare mtu aliuawa kwa sababu ya jina lisilomhusu. Huku Kenya jina lisilo na mtu likatafutwa na askari. Katika visa vyote viwili jina limemwacha mwenyewe, linatembea peke yake, na wenye nguvu wanalikimbiza. Umaarufu kwangu ni hilo tu. Jina lako linafika mahali ambapo wewe hujafika, linakaa na watu usiowajua, linasemewa maneno ambayo hukuyasema. Wewe umekaa nyumbani na homa, jina lako liko jukwaani linapigiwa makofi au mawe.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya magazeti. Mchukueni Fumo Liyongo. Shuleni tulifundishwa kwamba ni shujaa mwenye nguvu za ajabu, na hapo tukaishia. Lakini utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kwa masimulizi yaliyokuwapo kabla yake, unamwonyesha kwanza kama mshairi, na hofu ya mfalme wa Pate inatokana na mtu huyu kupendwa. Nguvu peke yake ingeweza kununuliwa. Angepewa cheo, akapewa jeshi. Mtu anayeimbwa na watu humnunui kwa cheo.

Tazameni mfalme anavyohangaika. Kwanza anapanga waende kuangua makoma, matunda ya mti wa mkoma, kila mmoja apande kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anasimama chini, anaziangusha koma kwa mishale yake. Akafungwa gerezani. Akiwa kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, kwa wimbo, mbele ya masikio ya walinzi: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanakula mikate mizuri, ule wa wishwa wanamwachia mfungwa. Halafu anaomba ngoma ya gungu ichezwe, watu wanaitikia nje, naye ndani anakereza pingu huku ngoma inafunika sauti ya tupa. Vijana wanaoandika, kisomeni tena kipande hicho. Kila hatua ya kutoroka kwake inapita katika utungo. Ujumbe unakwenda kwa wimbo, na kelele ya ngoma ndiyo inayomkinga.

Mwishowe anauawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti mfalme. Kijana anakuja na swali la kitoto: baba, ni kitu gani kinachoweza kukuua? Liyongo anatambua ametumwa, na bado anamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Wanazuoni wamebishana sana kwa nini alisema. Mimi nadhani alichoka kuwa Liyongo, lakini hayo ni yangu, utendi hauyasemi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimtaje leo. Amechomwa, anaamka, anachukua upinde, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale uzini, anakata roho katika mkao huo. Watu wa mji wanakuja kuteka maji, wanamwona, wanakimbia. Siku zinapita, mji una kiu, na hakuna anayethubutu kusogea. Inabidi mama yake aitwe aje kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo, mpaka maiti inaanguka na watu wanang'amua kwamba walikuwa wakimwogopa mfu. Mfalme alifanikiwa kuua mwili. Jina liliendelea kulinda kisima.

Nimekaa sana Pate, nisameheni. Nirudi karibu.

Kuna watawala ambao hawakungoja jina lijengwe na wengine. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone, na mwaka 1938 alipochapisha kitabu chake London juu ya maisha ya Wagĩkũyũ, jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa Jomo Kenyatta. Ndani kulikuwa na picha yake amejifunga ngozi, mkononi ameshika mkuki. Mkazi wa London, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski, akijipiga picha ya shujaa. Simlaumu. Mkoloni alikuwa na majina yake ya kuwapa Waafrika, na mtu aliyejichagulia jina lake alikuwa amekwisha kufanya siasa kabla hajasema neno. Nalitaja kwa sababu lina uhusiano na kijana mmoja wa Mombasa.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1968, Kenyatta ni rais. Abdilatif Abdalla ana miaka 22. Anaandika waraka unaosambazwa kwa siri, kichwa chake ni swali: Kenya: Twendapi? Swali tu. Kwa swali hilo akahukumiwa miaka mitatu, muda mwingi akiwa peke yake selini. Huko hakuruhusiwa kuandika. Akapata kalamu ya risasi kwa njia za jela, akaandika mashairi juu ya karatasi za chooni, na karatasi zikatoka nje moja moja. Alipokuwa ameshatoka, mwaka 1973, mashairi hayo yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi nchini Kenya. Tuzo yenyewe iliitwaje? Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Nawaona mnacheka. Nami nilicheka nilipokijua kisa hiki, baadaye nikaacha. Jina lililokuwa juu ya serikali iliyomfunga ndilo lililokuwa juu ya cheti. Waamuzi walifanya kazi yao kwa haki, na naamini walihitaji ujasiri. Lakini angalieni jinsi dola inavyoweza kula pande zote mbili: mwandishi akiwa mdogo inamfunga, akishakuwa mkubwa jina lake linaipamba. Kati ya mambo hayo mawili haikupita hata miaka sita. Na Abdilatif alikuwa ameshaondoka Kenya. Alikuwa Dar es Salaam, akaenda London, akaja akafundisha Leipzig. Shairi likaingia darasani, mshairi akabaki ughaibuni. Wanafunzi waliokariri beti zake kwa ajili ya mtihani hawakuambiwa kila mara kwa nini zinanuka jela.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mwandishi hana nguvu, namwuliza kwa nini basi wenye nguvu wanahangaika hivi. Yule wa Matigari, kabla ya hapo, aliwekwa kizuizini Kamiti bila kesi mwaka mzima, tangu Desemba 1977. Kosa lake lilikuwa mchezo wa kuigiza ulioigizwa na wakulima na wafanyakazi pale Kamĩrĩĩthũ, kwa lugha yao. Riwaya zake za Kiingereza, zenye maneno makali kuliko hayo, zilikuwa zikisomwa vyuoni bila matata. Akiitwa James Ngugi na akiandika kwa Kiingereza, alikuwa fahari ya taifa. Alipoliacha lile James na kuandika kwa lugha inayosikika sokoni, akawa tatizo la usalama.

Na wanawake je? Huku kwetu, mwanamke aliyetaka jina kubwa ilimbidi kwanza apambane na jina alilopewa. Mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Alikua akifinyanga na kuuza vyungu, akitembea kwa miguu hadi mjini, na sauti ya kunadi vyungu ndiyo iliyomtambulisha. Mjini akawa Siti binti Saad. Mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikasikika kwenye gramafoni kuanzia pwani hadi bara. Wenye mji walimtungia wimbo wa kejeli wakiuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyeingia mjini na kaniki, na kwamba pasipo sauti angekula nini. Swali la matusi, lakini ndani yake mna ukiri wote: hatukumpa sisi hadhi, amejipa kwa koo lake. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Kisha akaendelea kuimba. Aliimba kwa matajiri, na aliimba mtaani Ng'ambo kwa watu waliotoka utumwani juzijuzi, na mle akaingiza habari za mahakama, za wizi, za mauaji ya mwanamke mgeni ambaye muuaji wake alitoroka. Umaarufu aliutumia kama gazeti kwa wasiosoma gazeti. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na hiyo peke yake ni habari: mwanamume mshairi, karani wa serikali ya kikoloni, akamtolea kitabu kizima mwanamke muuza vyungu.

Nikimweka Siti kando ya baadhi ya wasanii na waandishi wa leo, mate yananikauka. Leo mtu anatafuta kiki asubuhi, mchana ana wafuasi laki kadhaa, jioni ameshaitwa kwenye jukwaa la kampeni. Tanzania wanamwita chawa, na wengine siku hizi wanajiita chawa wenyewe bila haya, kama cheo. Najua mtaniambia ushairi wetu una mizizi katika kasri. Kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa mshairi wa upande wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, akawasifu, akawakebehi maadui zao wa Unguja. Je, naye alikuwa chawa? Nimelipima sana swali hili. Muyaka alikuwa na upande, na upande wake ulishindwa. Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka mikononi mwa Seyyid Said, na mashairi yake ya kumkejeli huyo huyo mtawala mpya yalikuwa yameshaenea mjini. Hakuwa na njia ya kuyafuta. Chawa wa leo anafuta chapisho dakika ileile upepo unapogeuka, na kesho yuko upande wa pili na fulana mpya. Kwangu tofauti iko hapo. Kumsifu mkubwa hakujawahi kuwa kosa katika ushairi wetu. Muyaka aliweka jina lake rehani, akaishi na matokeo.

Sasa nifike pale ambapo wengi mlikuwa mkinisubiri. Tarehe 7 Oktoba 2021 Stockholm wakatangaza kwamba Nobeli ya fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Kabla jua halijatua mjadala ukawaka: ni Mtanzania au si Mtanzania? Viongozi wakapongeza. Wengine wakasema ana uraia wa Uingereza, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima uraia pacha, hivyo atuachie. Wengine wakamlaumu kwa kuandika Kiingereza. Katika kelele zote hizo nilisubiri mtu mmoja ataje jina la mhusika mmoja tu wa riwaya zake. Wachache sana walitaja. Alikuwa ameandika riwaya kumi, na vitabu vyake ilikuwa taabu kuvipata madukani kwetu. Tulikuwa tunagombania jina.

Na ukisoma kilichomo ndani ya jina hilo, mjadala unakuwa mgumu zaidi, haumaliziki kwa kuangalia pasipoti. Huyu ni kijana aliyeondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, akaingia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurudi hadi mwaka 1984, akamkuta baba yake siku zimebaki chache. Mtu kama huyo ukimwuliza wewe ni wa wapi, ameshaandika riwaya zaidi ya kumi kukujibu. Aliyesema ni wetu na aliyesema si wetu wote walikuwa wanataka jibu fupi, ambalo Gurnah amekataa kulitoa maisha yake yote. Mimi nasema ni wetu, lakini nasema hivyo kwa masharti: ni wetu pamoja na sababu zilizomfanya aondoke. Anayetaka medali bila sababu hizo, amchukue mtu mwingine.

Kitabu chake cha kwanza nilichokiona mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili kilikuja mwaka 1 baada ya tuzo: Peponi, tafsiri ya Paradise, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2022. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Semeni jina hilo kwa sauti, maana nimehudhuria mijadala juu ya kitabu hiki ambamo msemaji alisifu Kiswahili cha Gurnah kwa nusu saa. Kiswahili kile alikitafuta Ida, neno baada ya neno. Wachapishaji mlio humu, jina la mfasiri likae juu ya jalada, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Nimemtaja Muyaka, basi nimalize na mtu wake. Karibu nusu karne baada ya Muyaka kufa, mashairi yake yalikuwa yametawanyika vichwani mwa wazee wa Mombasa. Mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyataka. Lakini aliyeyakumbuka, aliyeyaandika na kueleza nani alisemwa na kwa nini, alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Diwani ilipochapishwa mwaka 1940, mhariri wa jaladani alikuwa Mwingereza mwingine, Hichens. Tunasema diwani ya Muyaka, tunasema nyaraka za Taylor. Bila Sikujua tungekuwa na Muyaka wa vijipande vichache. Nyaraka hizo ziko London, maktaba ya chuo cha SOAS, nyingi kwa hati ya Kiarabu. Kijana yeyote humu anayesoma hati hiyo na anatafuta kazi ya shahada yake ya pili, tuonane mlangoni.